Maswali ya Wasomaji: Kuusaka Mwisho wa Mkoloni Ndani ya Majalada

Toleo lililopita tuliomba maswali kuhusu utafiti wa miaka ya kudai uhuru. Yamekuja mengi kuliko kurasa tulizonazo. Yaliyofanana tumeyaunganisha, na barua ndefu tumezipunguza bila kugusa kiini chake.

SWALI: Nasoma shahada ya uzamili ya historia. Mada yangu ni jinsi serikali ya Mwingereza ilivyokabiliana na TANU kati ya 1954 na 1958. Nimekwenda Nyaraka za Taifa, Upanga, nikaomba majalada ya TANU. Nimeletewa mawili, tena membamba. Msimamizi wangu anashikilia kwamba yapo mengi. Nakosea wapi? — Mwanafunzi, Mlimani

JIBU: Umeomba kwa jina la mada yako, na masjala ya mkoloni, yaani ofisi ya kutunza majalada, haikupanga karatasi kwa mada yako. Ilizipanga kwa kazi za ofisi. Watu wa Uluguru walipokataa matuta ya lazima mwaka 1955, taarifa zake ziliangukia kwenye hifadhi ya udongo na kilimo, hata pale afisa alipoona mkono wa chama nyuma yake. Mgomo uliingia kwenye mambo ya kazi. Ombi la mkutano wa hadhara lilipita polisi na kwa Bwana DC, yaani mkuu wa wilaya. Mgogoro wa kumwondoa chifu ulikaa kwenye utawala wa wenyeji. Kwa hiyo orodhesha kwanza mambo yaliyowagombanisha wananchi na serikali katika wilaya unayoichunguza: mifugo, pamba, kodi, ardhi, ushirika, pombe, mishahara ya bandarini. Hayo ndiyo majina ya majalada ya kuomba. TANU utaikuta humo ndani imejaa tele.

Jambo la pili ni kujua karatasi ilitoka ofisi gani. Katika miaka yako Tanganyika ilikuwa na majimbo manane: Ziwa, Magharibi, Kati, Kaskazini, Mashariki, Kusini, Nyanda za Juu Kusini na Tanga. Bwana DC alimwandikia mkuu wa jimbo, mkuu wa jimbo akaiandikia Sekretarieti hapa Dar es Salaam, na Gavana akaiandikia Wizara ya Makoloni, London. Kila ngazi ilibaki na nakala. Jalada la wilaya likiwa limeliwa na mchwa, barua ileile huenda iko salama kwenye jalada la jimbo. Na ikikosekana kote nchini, tazama mafungu ya CO 691 na CO 822 katika hifadhi ya taifa ya Uingereza iliyoko Kew, London. La kwanza linaishia 1951, la pili linaendelea hadi miaka ya uhuru.

Hapa Upanga mpangilio ni wa makabidhiano. Kila fungu lililoletwa kutoka ofisi fulani lina namba yake inayotanguliwa na herufi Acc., na ndani ya fungu kila jalada lina namba ileile lililopewa na masjala iliyolifungua. Unapojaza fomu andika namba zote mbili. Ukiandika ya jalada peke yake utaletewa kitu kingine kabisa, maana masjala tofauti zilitumia namba zinazofanana. Nenda na barua ya utambulisho ya chuo na kitambulisho chako. Watafiti wa kutoka nje ya nchi hupitia kwanza kibali cha COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia. Chukua penseli, kalamu ya wino iache kwenye begi. Taratibu za kupiga picha na ada zake ziulizie mapokezi kabla hujatoa simu mfukoni.

Sasa jalada liko mezani. Usilivamie kwa kutafuta neno "Nyerere". Kwa kawaida madokezo, yaani maandishi ya maofisa wao kwa wao, yako upande wa kushoto na barua upande wa kulia, na barua mpya ndiyo iliyo juu. Anzia chini, folio (karatasi yenye namba) ya kwanza, uende ukipanda juu. Namba ya folio iko kwenye kona ya juu. Kila ukimaliza barua, geukia dokezo la tarehe hizo uone wakubwa waliambizana nini kabla ya kujibu. Barua ni kauli ya serikali iliyokwisha kunyooshwa, ilhali kwenye dokezo ndiko maofisa walikobishana. Mwanafunzi anayepiga picha barua nzuri na kuyaacha madokezo amebeba ganda, na hilo tunaliona kila mwaka kwenye tasnifu.

Vifupisho vichache vitakusaidia. B.U. ikifuatiwa na tarehe ni agizo kwa karani wa masjala alirudishe jalada siku hiyo. P.A. maana yake liwekwe, halina kazi tena. K.I.V. ni liendelee kuangaliwa. D.O. ni barua ya nusu rasmi, afisa kwa afisa, na huko ndiko lugha ilikolegea. Ag. mbele ya cheo ni kaimu, kwa hiyo usimsingizie Bwana DC maneno ya aliyekaimu wakati yeye yuko likizo Uingereza. Saini nyingi ni herufi mbili au tatu tu. Ili ujue ni za nani, fungua orodha za watumishi zilizochapwa na serikali pamoja na Gazeti la Serikali la mwaka huo, ambamo uteuzi na uhamisho ulitangazwa. Tengeneza jedwali lako la herufi na majina kuanzia siku ya kwanza.

Halafu tarehe. Kila barua ina zaidi ya moja. Tuseme Bwana DC ameandika tarehe 3, muhuri wa masjala ya jimbo unasema 9, na dokezo la mkuu wa jimbo ni la tarehe 20. Kama amri ya mkuu wa jimbo ya kufunga tawi la chama ilitoka tarehe 7, barua ile haikuwa sababu ya amri, hata ikilingana nayo neno kwa neno. Makosa mengi ya "serikali iliamua kwa sababu ya" yanazaliwa hapa: mtu amesoma tarehe ya juu ya barua, muhuri hakuutazama.

Ukipiga picha, ya kwanza iwe gamba la nje la jalada, lenye namba na kichwa chake, ndipo zifuate madokezo, kisha folio kwa mfululizo. Zipe majina siku hiyohiyo: fungu, jalada, folio. Ukisubiri mwisho wa mwezi utakuwa na picha elfu mbili zisizojulikana zimetoka wapi, na msahihishaji hatakubali "jalada fulani la Upanga".

Jambo moja kuhusu Jimbo la Ziwa, kama limo kwenye mada yako. Serikali iliinyima TANU usajili Usukumani tangu 1954 hadi 1958. Kukosekana kwa majalada ya matawi huko kunakuonyesha katazo, hakukuonyeshi kwamba watu walikaa kimya. Siasa zilihamia kwenye ushirika wa pamba aliouongoza Paul Bomani, basi anzia kwenye majalada ya ushirika.

SWALI: Nimeona hati ya mwaka 1961 inayosema Tanganyika itapata uhuru tarehe 28 Desemba. Mwenzangu anasema ni kosa la mpiga chapa. Ni kweli? — Msomaji, Kigamboni

JIBU: Si kosa. Mkutano wa katiba uliofanyika ukumbi wa Karimjee, Dar es Salaam, mwezi Machi 1961, Iain Macleod akiwa Waziri wa Makoloni, ulipanga uhuru kamili uwe 28 Desemba 1961. Baadaye tarehe ikasogezwa nyuma hadi 9 Desemba. Itunze hati hiyo, maana ina faida ya ziada: karatasi yoyote isiyo na tarehe inayotaja 28 Desemba kama siku ijayo iliandikwa baada ya mkutano ule na kabla ya badiliko. Usichanganye pia na 1 Mei 1961. Hiyo ilikuwa serikali ya madaraka, ambapo Mwalimu alikuwa waziri mkuu lakini nchi ilikuwa bado chini ya Gavana.

SWALI: Nafundisha historia kidato cha tatu. Wanafunzi wananiuliza kama Tanganyika ilikuwa koloni au la, na vitabu viwili tulivyo navyo vinapingana. Je, kuna tofauti yoyote ya maana? — Mwalimu, Mbagala

JIBU: Mwalimu, kisheria ilikuwa koloni kwa Mjerumani tu. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Shirikisho la Mataifa liliikabidhi Uingereza iisimamie, na hati yake ni ya 1922. Tarehe 13 Desemba 1946 Umoja wa Mataifa uliidhinisha mkataba mpya na Tanganyika ikawa nchi ya udhamini. Kwa mkulima aliyelipa kodi na kuamriwa achimbe matuta, tofauti hiyo hakuiona shambani. Ila ukitaka kujua kwa nini uhuru wa Tanganyika ulikwenda njia tofauti na ya Kenya, hapo ndipo pa kuanzia.

Nchi ya udhamini ilikuwa na mlango ambao koloni halikuwa nao: wananchi waliweza kupeleka malalamiko moja kwa moja kwenye Baraza la Udhamini, New York, na Baraza lilituma ujumbe kuja kukagua. Ujumbe ulifika 1948, 1951, 1954, 1957 na 1960. Wameru walipohamishwa kwa nguvu Engare Nanyuki mwaka 1951 ili ardhi wapewe walowezi, hawakuishia kwa Gavana. Mwakilishi wao, Kirilo Japhet, alisafiri hadi New York akazungumza mbele ya Umoja wa Mataifa mwaka 1952. Ardhi hawakurudishiwa wakati ule, lakini suala lao lilisomwa na mataifa ambayo Mwingereza asingependa yajue. Ujumbe wa 1954 uliandika kwamba nchi inaweza kujitawala katika miaka 20 hadi 25, serikali ikachukia, na Machi 1955 Nyerere akasimama mbele ya Baraza kulizungumzia hilo.

Kwa darasa lako hizi ni hati nzuri kuliko nyingi, kwa sababu zimechapwa kwa mashine, zinasomeka, na nyingi zinapatikana bure katika maktaba ya kidijitali ya Umoja wa Mataifa. Malalamiko kutoka Tanganyika yana alama T/PET.2/ ikifuatiwa na namba. Hiyo 2 ndiyo Tanganyika. Chagua lalamiko moja, kisha tafuta maoni ya Uingereza juu ya lalamiko hilohilo, ambayo yamo kwenye hati nyingine. Gawa darasa nusu kwa nusu, kila upande upewe hati moja, wajadiliane. Waonye tu kwamba malalamiko mengi yalitafsiriwa kwenda Kiingereza kabla ya kuchapwa, hivyo ukali au upole wa maneno unaweza kuwa wa mfasiri.

Zanzibar ilikuwa nchi ya himaya, yaani ya Sultani chini ya ulinzi wa Uingereza. Mlango huo wa New York haukuwepo kwake, na hadi 1913 mambo yake yalikuwa chini ya Wizara ya Mambo ya Nje ya Uingereza, si ya Makoloni. Anayeitafiti aanzie Nyaraka za Zanzibar, Kilimani.

SWALI: Huku kwetu kijiweni wazee husema Waingereza walichoma majalada kabla ya kuondoka. Ni kweli au ni maneno ya kahawa? Na kama ni kweli, utafiti una maana gani ikiwa ushahidi umeshakuwa majivu? — Msomaji, Temeke

JIBU: Ni kweli, na ushahidi wa kuchoma umo kwenye karatasi zao wenyewe. Tarehe 3 Mei 1961 Macleod alituma maelekezo kwa makoloni kuhusu karatasi ambazo serikali zinazokuja hazikupaswa kurithi: zile ambazo zingeiaibisha serikali ya Uingereza, zingewaumbua polisi, wanajeshi, watumishi au watoa habari wake, zingefichua vyanzo vya upelelezi, au ambazo mawaziri wapya wangezitumia vibaya. Nyingine zilisafirishwa kwenda Uingereza, nyingine ziliangamizwa. Kenya na Uganda kazi hiyo ilipewa jina la Legacy. Maelekezo ya Kenya yalikuwa ya kina: kilichochomwa kigeuke majivu na majivu yenyewe yavurugwe. Kisichochomeka kitiwe kwenye makasha mazito kizamishwe mahali penye kina kirefu pasipo mkondo, mbali na pwani kadiri inavyowezekana. Majalada yaliyotengwa yalipigwa muhuri wa herufi W, na yalishikwa na maofisa wa Kizungu peke yao.

Yaliyosafirishwa yalikaa kimya kwa miongo mingi. Yalijulikana hadharani mwaka 2011, wazee wa Kenya walioteswa wakati wa Mau Mau walipoishtaki serikali ya Uingereza jijini London. Wanahistoria waliotoa ushahidi, akiwemo David Anderson na Caroline Elkins, walisaidia kuibana serikali hadi ikakiri kwamba ina majalada kama 8,800 kutoka maeneo 37 iliyoyatawala, yamehifadhiwa Hanslope Park, kituo cha serikali huko Uingereza. Juni 2013 ikakubali kuwalipa wadai 5,228 jumla ya pauni milioni 19.9. Majalada yenyewe yalihamishiwa Kew kwa mafungu kati ya 2012 na 2013 na kuwekwa chini ya alama FCO 141. Ya Tanganyika yamo. Katalogi yake iko kwenye mtandao, kuipekua hakulipiwi: andika FCO 141 pamoja na Tanganyika, usome vichwa vya majalada kimoja kimoja.

Kuhusu majivu. Karatasi iliyochomwa huacha alama kwenye karatasi zilizobaki, na kuzisoma alama hizo ndiyo kazi yenyewe. Ukikuta folio 14 inafuatiwa na 17, rudi kwenye madokezo utafute palipotajwa 15 na 16. Mara nyingi dokezo linasema zilihusu nini au zimehamishiwa jalada gani. Namba ya jalada inayoanza na S mara nyingi huashiria masjala ya siri. Iandike pembeni hata kama jalada lenyewe hulioni, kwa sababu jalada jingine linaweza kulitaja tena. Halafu jiulize nani mwingine alipelekewa nakala. Taarifa za usalama za Tanganyika hazikukaa Dar es Salaam peke yake. Nairobi ilikuwa kitovu cha huduma za pamoja za Afrika Mashariki tangu 1948. Maofisa nao waliondoka na karatasi zao binafsi, na nyingi leo ziko Oxford, katika maktaba ya Weston, pamoja na karatasi za Fabian Colonial Bureau, kundi la wanasoshalisti wa Uingereza waliofuatilia mambo ya makoloni na waliokuwa wakiandikiana na viongozi wa TANU.

Ila usimtwishe Mwingereza kila pengo. Unyevu wa Dar es Salaam umeua karatasi nyingi. Zipo zilizopotea ofisi zilipohama na majimbo yalipogeuzwa mikoa, na zipo zilizofungia karanga sokoni. Kabla hujaandika "ilichomwa", onyesha kwamba ilikuwepo, onyesha ilionekana lini mara ya mwisho, na onyesha kwamba iliangukia aina zilizotajwa kwenye maelekezo. Usipoweza, andika "haikupatikana". Neno hilo halina aibu.

SWALI: Je, mtu anaweza kuandika kitu cha maana kuhusu kipindi hiki bila kwenda London? — Msomaji, Ubungo

JIBU: Anaweza. Maliza kwanza Upanga, mkusanyo wa Afrika Mashariki katika maktaba ya Chuo Kikuu Mlimani, na nyaraka za chama zilizoko Dodoma. Hapo Mlimani soma magazeti: Mambo Leo, la serikali, lililoanza 1923, Tanganyika Standard, lililosemea zaidi Wazungu, na ya Waafrika yaliyokuja mwishoni, Mwafrika la 1957 na Ngurumo la 1959. Chukua kesi ya Nyerere ya 1958, aliposhtakiwa kwa makala ya Sauti ya TANU, jarida la chama, dhidi ya mabwana DC wawili, akatozwa faini ya shilingi 3,000, yaani pauni 150. Isome kwenye gazeti la Wazungu na la Waafrika, na mbele ya macho yako pawe na kumbukumbu za mahakama. Sura nzima ya tasnifu inatoka hapo, na nauli yako umebaki nayo. Anayehitaji enzi ya Mjerumani ajue kwamba Upanga kuna majalada ya Kijerumani yenye alama G, na fungu la R 1001 la hifadhi ya Berlin limewekwa mtandaoni. Kazi iliyobaki ni kuuzoea mwandiko wa mkono wa Kijerumani cha zamani, nao huwasumbua hata Wajerumani.

SWALI: Babu yetu alifariki akatuachia sanduku la bati. Ndani kuna kadi za TANU, barua, muhtasari wa vikao na picha. Mjomba anataka tuzipeleke stesheneri zikapigwe laminesheni zisiharibike. Tufanyeje? — Mjukuu, Magomeni Mapipa

JIBU: Mwambieni mjomba, kwa heshima zote, hapana. Mashine ile huyeyusha gundi ya plastiki ndani ya karatasi kwa moto. Haitoki tena. Unyevu uliomo unafungiwa humohumo, wino wa zamani unaweza kufifia, na hakuna mhifadhi atakayeweza kuitibu. Selotepu nayo ni hasara: baada ya miaka gundi yake hugeuka kahawia na kula maandishi.

Kabla ya kupanga chochote, pigeni picha sanduku lilivyo, kisha kila karatasi kwa mpangilio mlioukuta, mbele na nyuma. Mpangilio wa babu ni ushahidi. Barua iliyokuwa imekunjwa ndani ya kadi ilikuwa humo kwa sababu. Nawa mikono na uikaushe vizuri. Glavu za kitambaa hazihitajiki kwa karatasi, hunasa kingo zikachanika. Picha zishikwe kwa kingo tu.

Pini na stepla zilizopata kutu zitolewe bila kuvuta. Penyeza kipande chembamba cha plastiki ngumu chini ya pini, inua miguu yake kwa kisu butu, geuza, ndipo uitoe kutoka upande wa juu. Ukivuta, kutu itaondoka na tundu la karatasi. Vumbi lipanguswe kwa brashi laini ya rangi, kutoka katikati kwenda nje. Karatasi yenye ukungu itengwe na nyingine, ikaushwe kivulini penye hewa, kamwe si juani, na mnaoishika mvae barakoa. Karatasi zilizogandana msizibandue. Hizo ni za mtaalamu.

Baada ya hapo, kila hati iingie kwenye bahasha nyeupe isiyo na dirisha la plastiki, bahasha ziingie kwenye boksi lenye mfuniko. Albamu zenye kurasa za kunata ziondoleeni picha kama zinatoka zenyewe, zisipotoka ziacheni. Boksi likae juu ya rafu, si sakafuni, mbali na ukuta wa nje na wa bafuni. Ukungu huanza kustawi unyevu wa hewa ukivuka asilimia 65 hivi, na Dar es Salaam hupita hapo kwa siku nyingi za mwaka, hivyo chumba chenye hewa inayozunguka ni bora kuliko kabati lililofungwa. Masika yakianza, Machi hadi Mei, fungueni mkague kila wiki mbili. Sanduku la bati lenyewe litunzeni kama kumbukumbu, lakini karatasi msizirudishe humo: bati hutoa jasho usiku likipoa.

Majina ya watu pichani yaandikwe kwa penseli laini, pembeni kwa nyuma, bila kukandamiza. Fanyeni hilo mapema wakati bibi yupo, kwa kuwa picha isiyo na majina haina kazi kubwa kwa mwanahistoria. Skana iwe dpi (nukta kwa inchi) 300 kwa hati na 600 kwa picha. Mkiamua kuzikabidhi Nyaraka za Taifa au maktaba ya chuo, dai hati ya makabidhiano inayoorodhesha kila kitu na kusema nani anaruhusiwa kuziona.

SWALI: Wanangu, nilikuwa kijana wa Kariakoo wakati TANU inaanza. Vijana wa vyuo huja kunihoji. Wanauliza, "Mzee, unakumbuka nini kuhusu kudai uhuru?" Nawaambia, wanashukuru, wanaondoka baada ya nusu saa. Naona wameondoka na maji matupu. Waambieni namna ya kuuliza. — Mzee, Ilala

JIBU: Shikamoo mzee wetu. Umeliweka wazi kuliko ambavyo sisi tungeliweka. Vijana, swali la "unakumbuka nini kuhusu uhuru" linamrudisha mzee kwenye hotuba alizozisikia redioni kila Desemba kwa miaka sitini, naye kwa adabu atakupa hizo. Uliza vitu. Kadi uliikatia wapi, nani aliiandika, uliificha wapi? Mkutano ulijuaje kwamba upo? Nani alikaa mbele, nani alisimama? Mwajiri wako alijua? Anza na kazi yake, mtaa wake na mshahara wake, siasa itakuja yenyewe.

Tarehe usimdai. Mpe matukio ajipange nayo: mgomo wa bandarini wa 1947, ziara ya Binti Mfalme Margaret ya 1956, mkutano wa TANU Tabora Januari 1958, maasi ya jeshi Januari 1964. "Ulikuwa umeshaoa Margaret alipokuja?" ni swali linalojibika. "Mwaka gani?" halijibiki.

Kuna kipimo kimoja ambacho wengi hawakijui. Kura ya 1958 na 1959 haikuwa ya watu wote. Ilikubidi uwe na miaka 21, na pamoja na hilo uwe na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya darasa la nane, au cheo kinachotambuliwa. Tena kila mpiga kura alipaswa kuchagua watu watatu: Mwafrika, Mwasia na Mzungu. Sharti hilo la kura tatu ndilo wajumbe wa TANU walilobishania kule Tabora. Mzee akikwambia alipiga kura mwaka huo, usimkatize wala usimbishie. Muulize sifa yake ilikuwa ipi na aliwachagua nani na nani. Aliyepiga kweli atakumbuka kero ya kumpigia Mzungu. Anayechanganya na uchaguzi wa Agosti 1960, ambapo TANU ilichukua viti 70 kati ya 71, utamgundua bila kumvunjia heshima.

Na akina mama wahojiwe peke yao, waume wasiwepo. Bibi Titi Mohamed aliingia kwenye chama akitokea kwenye ngoma, na wanawake wa Dar es Salaam waliandikishwa kwa mitandao hiyo ya ngoma na ya mtaa. Ukimuuliza bibi "ulifanya siasa?" atakujibu hakufanya. Muulize alikuwa ngoma gani, nani alikuwa kiongozi wao, na ni lini walianza kuimba kwenye mikutano.

Nenda zaidi ya mara moja. Safari ya pili chukua picha au nakala ya gazeti la wakati huo, umwekee mkononi. Rekodi kwa simu mbili, moja itazimika. Taja mwanzoni mwa rekodi tarehe, mahali na majina ya waliopo chumbani, maana mjukuu akikaa karibu mzee huchagua maneno. Ruhusa iombwe kabla na irudiwe mwisho, baada ya mzee kujua amesema nini.

Nawe mzee, wakija tena, waambie mapema jina lipi lisiandikwe, na udai nakala ya sauti yako kwenye flashi kabla hawajapanda bodaboda.